Funga Zote

Fundi wa kwanza hakuingia hata chumbani. Bedan, mwenye duka mjini Thika, alisimama mlangoni mwa nyumba yao mtaani Ngoingwa, akaangalia paa, akasema, "Madam, hapa tunakuwekea AC kubwa. Julai inapuliza joto, Februari inapuliza baridi. Mzee atasahau hata ni mwezi gani."

"Hupimi chumba?" Kui akauliza.

"Kupima ni kwa fundi wa nguo."

Kui hakucheka wala hakukasirika. Mwaka mzima sasa mambo yalimpita hivyo, kama redio ya jirani. Alimshukuru, akamfungulia geti.

Alitaka kitu kimoja tu: baba yake, mzee Muriithi, asilale tena kwenye baridi. Tangu mama afe Julai iliyopita kwa hewa ya sumu ya jiko la makaa, mzee alikataa joto la aina yoyote chumbani. Alilala na koti na kofia. Nimonia ilikuwa imemlaza hospitalini mara mbili, na daktari alisema ya tatu huenda isimwachilie. Kila hita aliyoletewa aliirudisha na maneno yale yale: "Jiko niliwasha mimi."

Fundi wa pili, Awiti, alitoka Kiuu na tepu mfukoni. Alipima kuta zote, akagonga tofali, akauliza jua la mchana hupiga upande gani na anayelala hapa huelekeza kichwa wapi. Kisha akamgeukia mzee aliyeketi kitandani.

"Mzee wangu, hiki kiyoyozi hakichomi kitu. Hakina moshi. Kinavuta joto la nje, kinaliingiza ndani. Jua likiwa kali kinafanya kinyume."

"Joto gani liko nje, Julai hii? Wewe umezoea jua la Kisumu, unaliona hata mahali halipo."

"Lipo, mzee, kidogo kidogo. Mashine inaliokota kama kuku." Awiti alicheka, akaweka kidole ukutani. "Basi nikifunge hapa, juu ya dirisha?"

"Hakuna kitu kitafungwa hapa. Jiko niliwasha mimi, nikaenda matangani kwa jirani nikamwacha nalo. Nenda nyumbani, msichana."

Awiti alianza kukunja tepu. Kui alimwomba asubiri, akatoa simu, akatafuta mazungumzo ambayo hakuwa ameyafuta wala kumwonyesha mtu.

"Baba, soma hapa."

Mzee aliisogeza simu mbali na macho. *Funga zote leo*, Kui alikuwa ameandika. Chini yake mama alikuwa amejibu: *Sawa. Nimefunga zote.*

"Ulimwambia afunge nini?"

"Sikumwambia yeye. Nilikuwa kazini Ruiru. Nilikuwa nimewanunulia hita mbili za ukutani, fundi mmoja akaniuliza afunge moja au zote. Nikaandika haraka, ujumbe ukaenda kwa mama. Fundi hakupata jibu, hakuja." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama ya mtu anayesoma majina ya darasa. "Asubuhi mama alikuwa amelalamikia upepo. Nilipoona jibu sikuangalia jina, nilidhani ni fundi amemaliza kazi."

"Hita zote," mzee akasema.

"Hita zote."

"Kwa Kiswahili cha kitabu, madirisha ni yote."

"Lakini mama alikuwa akisema dirisha zote, baba. Sisi wote tunasema dirisha zote."

Awiti aliangalia ukuta.

"Kila Julai alikuwa anaacha dirisha moja wazi," mzee akasema. "Miaka arobaini. Nimejiuliza mwaka mzima kwa nini siku hiyo alifunga."

Kui alingoja ampige kofi, au alie, au amwambie atoke. Alingoja bila hofu, na jambo hilo lilimsumbua kidogo. Mzee alimrudishia simu, akajikokota akasimama, akashika ubao wa kichwani wa kitanda.

"Fundi," akamwita Awiti, "ukitoboa hapo vumbi itaingia kwa blanketi. Tusogeze hii kitanda upande gani?"

"Huo wa mlangoni, mzee."

"Kui, shika miguuni."

Kui alishika. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Wakakibeba.