Breka Kubwa Haiingii Hapa

Kila mara mama mkwe alipofungua bomba la bafuni ya juu, pampu ya kusukuma maji ilinguruma kidogo, breka ya kukata umeme ikaruka, maji yakakatika naye ana sabuni usoni. Ndipo shemeji, kaka mkubwa wa mume na msemaji wa mwisho katika nyumba ile ya ghorofa, akaleta fundi umeme na breka kubwa zaidi, ya ampea thelathini na mbili.

Mama Pacha, mke wa mdogo wake, aliiona, akaacha nguo alizokuwa akianika.

"Shemeji, hiyo ya nini?"

"Ya kukomesha upuuzi. Ile ya zamani haina nguvu."

"Breka haihitaji nguvu, inahitaji woga. Waya wa pampu mwembamba. Ukiweka hiyo, waya utaungua ndani ya ukuta, breka imekaa inatazama tu."

Fundi akakohoa. "Mama hajakosea. Ila aliyeniita ni bosi."

"Aliyekuita ni bosi, watakaoungua ni wanangu."

Kabla ya kuolewa alikuwa akishona katika karakana iliyoteketea kwa mchezo huohuo. Alijiegemeza kwenye kisanduku cha umeme, mgongo ukafunika kifuniko.

"Mwanamke, toka hapo."

"Sitoki. Nataka breka ya ukubwa uleule, ila ya mota, inayovumilia ule mshtuko wa kuwaka. Na nyingine ya kukata umeme ukivuja, maana mama anasema bomba linamtekenya."

"Mama ana baridi yabisi!"

"Basi tuipime hiyo baridi yabisi."

Shemeji alimpigia simu mume wa Mama Pacha, aliyekuwa kazini. Mume akasema, "Kaka, mimi huyo simuwezi. Nunua anachotaka."

Fundi akafunga zote mbili. Walipowasha, ya mota ilitulia. Ya uvujaji ikaruka papo hapo.

Shemeji akapiga makofi. "Si mnaona? Fundi, ng'oa huyo mlinzi wake."

"Mlinzi akipiga kelele humfukuzi," alisema Mama Pacha. "Unatafuta mwizi."

Fundi alizima umeme wote, akafungua mota. Maji yakamchuruzikia viatuni. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umeoza, na waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, umekatika; umeme ulikuwa ukivujia kwenye bomba. Mama mkwe, aliyeshuka na taulo begani, alichungulia.

"Kumbe nilikuwa natekenywa na kifo," akasema, kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe unanipa dawa ya baridi yabisi!"

Vipuri havikupatikana upesi. Shemeji, amechoka kuoga kwa kopo, alirudi na maneno matamu: tuunge umeme bila kupitia hiyo breka ya uvujaji kwa muda tu, shemeji yangu, mpaka vipuri vije.

Mama Pacha alikuwa katikati ya ngazi na ndoo mbili.

"Afadhali nibebe ndoo kuliko kubeba jeneza. Shika hii moja, au pisha."

Shemeji alisimama, akatazama juu, akatazama chini. Akashika.

Pampu ilipotengenezwa na ethi kuungwa, breka zote mbili zilitulia. Mama mkwe alioga mpaka vidole vikakunjamana. Shemeji hakuomba radhi, wala Mama Pacha hakuingoja. Alimwambia tu, mbele ya wote, kwamba kuanzia sasa akileta fundi katika nyumba hii, aanze kwa kubisha hodi mlangoni kwake yeye Mama Pacha.