Gari Lililoinama Upande wa Mama

Haya nilisimuliwa na Everline, mke wa Dishon, Jumatano iliyopita, aliponiletea kunde tukaketi kuzichambua. Dishon mwenyewe hapendi kuyataja.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, huko kwao mtaa wa Fedha, jijini. Dishon alikuwa anampeleka mama yake, Nangila, nyumbani Kimilili. Mama alivunjika nyonga mwezi uliopita, akatiwa vyuma, na gari lolote lililomtikisa lilimtoa machozi. Lakini dada yake mkubwa, Nafula, aliyemlea tangu walipofiwa na mama yao, alikuwa hoi kitandani huko nyumbani, na kila siku aliuliza jambo moja tu: Nangila anakuja lini?

Jirani yao Caleb akawapa gari lake. Gari hilo halikalii springi kama mengine. Linakalia mifuko ya mpira iliyojaa hewa, mmoja kila gurudumu, na kwenye mashimo linapita kama halijaona kitu. Wakalaza kiti cha nyuma, wakatandika magodoro mawili, na watu wanne wakambeba mama kwa shuka. Kumwingiza kulichukua nusu saa. Alipolazwa, leso aliyokuwa akiiuma ilikuwa imechanika.

Dishon akawasha, gari likainuka vizuri. Kabla hajafika langoni, pembe ya nyuma kushoto, pale mama alipoweka kichwa, ikaanza kushuka polepole, kama mtu mzima anayetafuta kigoda.

Maingi, fundi anayetengeneza magari pale nje ya ploti, yaani ua wa nyumba zao za kupanga, akaja na kikombe chake cha chai.

"Washa nisikie pampu ya hewa." Pampu ikanguruma. "Pampu nzima, boss. Hewa inaingia, ila kuna mahali inatoka. Mtoeni mama, niinue gari nifungue gurudumu."

"Mkinitoa humu," Nangila akasema kutoka ndani, "mimi sirudi tena." Hakusema kwa hasira.

"Basi mimi jeki siweki, na mtu yuko ndani. Ikiteleza nitawaambia nini?"

Dishon akasimama katikati yao, ufunguo mkononi.

Maingi akalala chini, akapenyeza mkono nyuma ya gurudumu, akapaka maji ya sabuni kila mahali alipofikia. Povu halikutokea. Akagusa kijiti kinachopima gari limeinuka kiasi gani, kilikuwa sawa. "Inavujia kwenye mkunjo wa mfuko, huko nisikoona. Sikio lingeniambia. Lakini na hizi kelele?"

Kanisa la hema lilikuwa ukuta kwa ukuta na ploti, spika nne, na nyimbo zimepamba moto.

Saa nne simu ya mama ikalia. Ni Nafula, ameshikiwa simu na mjukuu wake.

"Mko wapi?"

Dishon alifungua mdomo, mama yake akamtangulia. "Tumefika Naivasha, dada."

"Nasikia nyimbo."

"Ni kanisa, liko kando ya barabara." Akakata simu, akatazama dari ya gari. Dishon akaongeza mto upande ulioshuka ili mama asiteleze.

Everline ndiye aliyekwenda kwa pasta. Alirudi mbio. "Ametupa dakika tatu." Na kweli spika zikanyamaza, kisha wakamsikia: "Wapendwa, tumwombee Mama Dishon kimoyomoyo. Hata watoto, nyamazeni. Kuna fundi anasikiliza." Everline akazunguka ploti, redio zikazimwa moja moja. Kinyozi wa pale langoni akazima mashine, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu.

Maingi akabandika sikio kwenye bodi ya gari. Dishon akabana pumzi. Ikasikika: sss, nyembamba, kama birika kabla halijachemka.

"Nimeipata," Maingi akanong'ona.

Simu ikalia tena, katikati ya kimya hicho.

"Nangila," Nafula akasema, na ploti nzima ikasikia. "Leo sauti yako iko karibu."

"Nimekaribia, dada. Tumepita Nakuru."

Hakuna aliyecheka. Mteja wa kinyozi akainamisha kichwa chake kilichonyolewa nusu.

Maingi akabandika kiraka cha tyubu ya baiskeli kwa kupapasa. Gari likainuka, Dishon akashika mlango aingie, na kiraka kikang'oka. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu pampu yenyewe ikapata moto, ikajizima.

"Huu mfuko ni wa kubadilishwa. Wanaouza wako mjini, na leo wamefunga. Kesho asubuhi nitaenda."

"Na kuuweka?"

"Lazima tuinue gari, boss." Maingi akapangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Mama hakuuliza walichosema. Saa saba, kwenye simu, alikuwa Eldoret. Saa tisa alikuwa Webuye. Dishon aliongeza mito mpaka ikaisha nyumbani, akaanza kukunja mablanketi. Saa kumi Nafula akauliza tena, kwa sauti ya kukwaruza.

"Tumeacha lami," Nangila akasema. "Naona mabati yako."

"Mlango haujafungwa."

"Usiufunge. Lala kidogo, nikifika nitakuamsha."

Kisha mjukuu akashika simu. "Amelala, kukhu, bibi yangu. Nikate?"

"Usikate. Iweke karibu na mdomo wake."

Nangila akabana simu sikioni, sikio la pili akaliziba kwa kidole, maana ibada ya jioni ilikuwa imeanza. Akasikiliza pumzi za dada yake mpaka salio likaisha, na hata lilipoisha hakuitoa. Akalala hivyo hivyo, simu shavuni.

Dishon akaketi chini, kwenye ile pembe iliyoinama, akaegemeza bega kwenye bodi kana kwamba angeweza kuizuia. Everline alipoleta chai saa moja jioni alimkuta amesinzia. Akamfunika kwa leso aliyokuwa amejifunga, akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango taratibu. Chai ikapoa mkononi mwake, na yeye pia akalala.