Darubini ya Papa Chris

Mume wangu Ignace, baba wa mwanetu Chris, haoni mbali, na hataki kuambiwa. Juzi alimsalimu dada aliyesimama mlangoni mwa saluni yangu hapa mtaani kwetu La Rochelle, akamuuliza na habari za watoto. Ilikuwa sanamu yangu ya kuvalisha mawigi. Miwani aliyopimiwa kliniki ameificha kwenye kopo la sukari.

Sasa bosi wake, Gaston, amemwalika kwenda kuwinda kondoo wa milimani. Gaston atapiga risasi. Ignace atatangulia majabalini na darubini, amtafute dume. Nilikosa usingizi. Mtu anayejikwaa ngazi za kanisa ataonaje ukingo wa genge?

Jumamosi tukaenda Randburg, upande wa pili wa jiji, kuchagua darubini. Ignace akanyakua kubwa kuliko zote, nzito kama tofali.

"Hii ndiyo inavuta mbali," akasema, kidevu juu.

"Inavuta na mtetemo wa mikono, baba," akasema Jeanne, dada muuzaji. "Mlimani utakuwa unahema. Chukua hii ndogo."

"Mikono yangu haitetemeki!"

"Sharp, sawa," nikasema. "Panda ngazi za maegesho ya ghorofa mpaka juu, tuone."

Jeanne akacheka, akabeba darubini zote mbili, wakapanda. Mimi nikabaki chini, nikaenda kusimama mwisho kabisa wa uwanja, nikainua kitu juu, kisha nikampigia Ignace simu. Alikuwa anahema kweli.

"Nimeshika nini, Papa Chris?"

"Eish, unacheza-cheza, simama tuli... Kitana!"

"Jaribu ile ndogo."

Nikasikia akibadilishana na Jeanne.

"Mama Chris, hizo lineti zangu za macho umezitoa wapi?"

"Kwenye sukari."

"Sizihitaji. Na hizi jumelles, darubini hizi, naona vizuri."

"Ukianza kutembea utazishusha, na hapo ndipo utaanguka. Mi naogopa, Papa Chris. Naogopa kuletewa wewe ndani ya blanketi."

Akakata simu. Nikamwona akishuka, mkono kwenye chuma cha ngazi, mguu ukipapasa kila ngazi, jitu zima lile. Alipofika alinyoosha kiganja. Nikampa miwani, akaivaa, akageukia barabara, akaangalia magari yakisimama kwenye taa za robot. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Mama Chris, mbona umekonda hivi? Tangu lini?"

"Tangu Gaston akualike," nikasema.