Meli Zilizopita Bila Kusimama

Mzee Bertrand hakutulia. Katika nyumba ya kutunzia wazee, mtaani Bankstown, ughaibuni, kila baada ya chai aliinuka, akashika fremu yake ya kutembelea, akaanza kujaribu milango ya korido. Wahudumu walimrudisha kitini, naye akainuka tena. Faida, mhudumu Mkongo kutoka Uvira, akaacha kumrudisha. Akawa anatembea naye.

Ndipo mzee akamsimulia. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa baharia kwenye meli ya mafuta iliyovuka Atlantiki wakati wa vita, katikati ya msafara wa meli nyingi. Nyambizi ya Wajerumani ikaipiga topido, bomu lipitalo chini ya maji. Petroli ilimwagika, bahari ikawaka. Aliruka upande usio na moto, wakashikilia ubao mmoja yeye na mpishi wa meli. Meli za nyuma ziliwapita karibu hata wakaziona nyuso za watu. Amri ilikuwa asisimame mtu, maana atakayesimama naye atapigwa. Mpishi aliita mpaka sauti ikamkauka, kisha akauachia ubao. Bertrand aliokotwa na meli ya doria kulipokucha.

"Siwalaumu," alimwambia Faida. "Lakini miguu yangu haikubali kukaa."

Alhamisi moja mchana king'ora cha moto kililia, moshi ukajaa korido. Faida aliagizwa kuwatoa wanaoweza kutembea. Walio kitandani wangewasubiri zimamoto. Alimshika Bertrand mkono. Mzee akagoma mlangoni pa Zilpah, bibi aliyepooza, aliyekuwa akiita kwa sauti ndogo.

"Na huyu tunampita?"

Msimamizi alimwamuru Faida asonge mbele. Faida alisita. Kisha akaingia, akafungua breki za kitanda, akakisukuma hadi kwenye maegesho ya magari, Bertrand akikokota fremu yake pembeni.

Moto ulikuwa wa jikoni, ukazimwa upesi. Faida aliitwa ofisini, akapewa onyo. Alisema angefanya vilevile tena, akatoka.

Bertrand alimngoja nje, akamuuliza walichomwambia. Faida akamweleza. Mzee akashika fremu yake.

"Zilpah amekula?"

"Kidogo," Faida akajibu. "Ameomba chai nyingine."

"Basi twende tumpelekee," akasema Bertrand, akatangulia.