Ulivuka Mto

...kama ulivuka mto, ndivyo alivyosema huyu binti wa chuo kikuu, Helder kasikia kwa masikio yake yote mawili, tunatafuta ushahidi kama ulivuka mto, na lini, akasema anatabasamu, na polisi nao hutabasamu wakikuuliza jina la babu yako, naye Helder mikono imeshika bomba lao la kuchotea sampuli lililozama kwenye tope la shamba lake mwenyewe la mpunga, hapa pembeni ya mikoko, kajitia pingu mwenyewe, juha wee... "Baba, shikilia, lisiyumbe," anasema Mwanaisha, ndilo jina alilojitambulisha nalo, kama ndilo... ushahidi, ushahidi wa nini pasipo kesi, na kesi hii kaipika Selemani, nani mwingine, jirani anayelikodolea macho shamba hili kama paka wa feri na kichwa cha samaki changu, kaenda kunong'ona kwamba Helder ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, na kweli mto kauvuka, mgongoni kwa mama, vita nyuma, mamba mbele, mama kamziba mdomo kwa ncha ya kanga asilie, lakini leo ana mvi, ana wajukuu, wamtoe kwa ushahidi wa tope? tope lina mdomo? "We Helder, mbona watetemeka," anapaza sauti mkewe Hadija kutoka tutani, "bomba la watu hilo, si bibi harusi!" nyamaza, mwanamke, tunafukuzwa... "Au baba hukunielewa? Ukame, nauliza ukame kama ulivuka. Miaka elfu nne nyuma mvua zilikatika ghafla, Misri kuna dalili, barafu ya Kilimanjaro ina vumbi lake, huku kusini bado hatujui, tope ndilo litatuambia." Ukame! Helder anataka kucheka, kumbe hata ukame unaulizwa umetoka wapi, umeingia lini, na waliokuwa hapa mvua zilipokatika walikaa wakautazama? walifunga virago, wakavuka, mto huuhuu, kuja au kwenda, kila mmoja na mtoto kamziba mdomo, hata Selemani na Uyao wake babu yake hakuota hapa kama mkoko... tabasamu la binti bado halimwingii, ila... "Baba, tuendelee?" bomba palepale, tope palepale, mikono imetulia.
"Ulivuka," anasema. "Ulivuka, mwanangu. Chimba."
Mwanaisha anacheka. Hadija, mwenye maneno yake yote, anayejua nani mwingine aliuvuka, hacheki.