Kicheko cha Kwanza

Jumamosi saa tisa alasiri, filamu ya maisha ya Zebedayo mchekeshaji ilionyeshwa katika ukumbi mmoja wa mikutano mjini Same. Eliakunda, aliyeishi naye miaka kumi na tisa, alikuwa ameshuka kutoka Suji na binti yao, Irine. Hawakualikwa. Walikaa mstari wa nyuma, dirishani, maana joto la Same humchosha mtu wa milimani.

Taa zilipozimwa, Zebedayo aliingia, akapangusa vumbi kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yao, akakaa. Alikuwa amekufa miaka sita iliyopita.

"Shikamoo, baba," alisema Irine.

"Marahaba, mwanangu. Mama Irine, umekonda."

"Vuli haikunyesha," Eliakunda alijibu, akamsogezea karanga.

Zebedayo hakuwahi kusimulia kichekesho hata kimoja. Alikuwa akipanda jukwaani na kiti, anakaa, anawatazama watu, anasubiri. Wengine walimzomea. Kila mara Eliakunda, kutoka nyuma, ndiye aliyeangua kicheko cha kwanza, na ukumbi ukafuata mpaka watu wakatokwa machozi. Hakuwa akimsaidia. Alichekeshwa kweli.

Filamu ilisema Zebedayo hakuoa.

"Nani kawaambia?" aliuliza.

"Kaka yako."

Sifael alikuwa mstari wa mbele, ndani ya suti. Aligeuka, akamwona mdogo wake, akampungia mkono, kisha akaendelea kutazama.

Ikafika sehemu ya jukwaani. Kijana aliyemwigiza Zebedayo alikaa kitini, akasubiri. Dakika kumi zikapita. Fundi alikagua kompyuta, akasema filamu haijakwama, ila huyo bwana bado hajachekewa. Salha, mwongozaji aliyetoka nayo Dar es Salaam, aliwaomba watu wacheke. Wakajitahidi. Kijana aliwashukuru kwa kichwa, akaendelea kuangalia mstari wa nyuma.

"Anakungoja wewe," alisema Zebedayo.

"Mimi simo humo."

"Najua."

Eliakunda alimtazama yule kijana: magoti yamebanana, mikono mapajani, uso wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Watu waliokuwa ndani ya filamu wakacheka, na filamu ikaendelea mpaka Zebedayo akafa peke yake kwenye kitanda cha chuma.

"Siku ile ulikuwa umenipakata," alisema Zebedayo.

"Nilikuwa nakunywesha uji. Ulikataa, ukasema hauna chumvi."

"Haukuwa na chumvi."

Watu walipotoka, Salha aliwafuata.

"Shikamoo, mama. Ijumaa tunaonyesha Moshi. Bila wewe haitaisha."

"Marahaba. Mtaandika kwamba nilikuwa mke wake?"

Salha alimtupia jicho Sifael, aliyekuwa mlangoni akipigwa picha.

"Familia ilishatia saini, mama."

"Mimi sikutia," alisema Zebedayo.

"Marehemu hatii saini, mzee wangu," Salha alimjibu kwa upole.

Irine alitaka kusema neno. Mama yake akamgusa bega, akauliza gari la Moshi linaondoka saa ngapi.

Ijumaa Eliakunda alicheka Moshi. Zebedayo alikuwa ametangulia kumshikia nafasi, na walikaa wameshikana mikono mpaka maandishi ya mwisho yalipopanda, yakisema kwamba marehemu hakuacha mke wala mtoto.