Mkanda wa Fiat ya Mwalimu Wachuka

Mkanda wa taimingi wa Fiat ya Wachuka ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, na Jumatatu alitakiwa kuripoti Kuresoi, shule yake ya kwanza tangu atoke chuoni. Ungekatika kwenye milima ya huko, valvu zingegonga pistoni na injini ingekufa papo hapo. Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwaka 1975, baba yake, Waithaka, akaifungua injini uani kwao, mtaa wa Section 58.

Waithaka alikuwa ametengeneza magari na trekta za mashamba ya Molo tangu ujana wake. Wachuka alimshikia spana akiwa kimya, kama kawaida yake. Jirani yao Gurdial Singh, fundi mstaafu wa malori, aliegemea ua akikosoa kila kitu.

"Fundi, hiyo bolti mbona unaibembeleza? Inalia?"

"Wewe kunywa chai yako, Singh."

Mkanda mpya ukaingia. Wachuka akachungulia: alama ya juu ya kulinganishia mkanda ilikuwa mahali pake, na ya chini vilevile. Hapo ndipo Waithaka aliponyanyua kopo la oili. Maisha yake yote alikuwa amefunga injini za cheni, si za mkanda, na cheni haifungwi kavu.

Wachuka alikuwa amekisoma kitabu cha gari lile mara mbili. Mkanda ni wa mpira, na oili huula mpira. Lakini amkosoe baba mbele ya Singh? Alitafuta neno la upole, asilipate. Kopo likainama. Akaukinga mkanda kwa mkono, oili ikamtiririkia vidoleni.

"Baba, usitie! Hii si cheni. Ni mpira, oili itaula."

Singh akaangua kicheko. "Waithaka! Leo mtoto anakufundisha kazi?"

Wachuka akainamisha kichwa. Waithaka aliutazama mkono ule uliolowa, kisha akaliweka kopo mbali.

"Mtoto gani?" akasema. "Huyu nilimpa jina la mama yangu. Kwetu sisi, aliyepewa jina la mama ni mama; hapa mimi ndiye mtoto. Na mama akikukanya, unashukuru." Akamrushia bintiye kitambaa. "Futa mikono, Maitu. Malizia wewe."

Maitu, kwa lugha yao, ni mama. Tangu Wachuka aanze chuo, baba yake hakuwa amemwita hivyo.

Wachuka akakaza puli inayoubana mkanda, akaizungusha injini kwa spana, polepole, mizunguko miwili. Hapakugonga kitu. Alama zikarudi mahali pake, zote. Baba yake akampisha kwenye usukani. Akawasha, na injini ikashika mara ya kwanza, ikanguruma kama paka aliyeshiba.

Singh akaja na kikombe chake, akatega sikio. Akatafuta kasoro hadi chai ikapoa.

"Binti," akasema mwishowe, "Jumatatu uniangalizie gari langu."

"Jumatatu mwalimu yuko Kuresoi," akajibu Waithaka, kifua mbele. "Panga foleni, bwana."